Kava la Klachi

Skrubu ya sita ndiyo iliyogoma.
Tano zilitoka kwa mafuta ya taa na subira ya usiku kucha;
hii ikataka patasi, nyundo,
na tusi moja nililojifunza kwa baba
akidhani nimelala.

Tukuyu mvua haibishi hodi.
Imenyesha tangu Jumatatu juu ya bati la kibanda,
na pikipiki ya Bwana Mifugo Asangalwisye,
iliyolala nyuma ya kuni miaka kumi na minane,
imesimama mbele yangu ubavu wazi
kama ng'ombe wale aliokuwa akiwapasua
kutafuta walichofia.

Rangi kwanza. Bluu ya serikali,
chini yake kijivu,
chini yake nyekundu ambayo hakuna aliyenisimulia,
kisha aluminiamu yenyewe, imefifia kama mtindi.
Msasa namba themanini, mia mbili, mia nne,
halafu ule laini, unaouzwa karatasi moja moja,
kwa maji ya sabuni, kwa mviringo,
mpaka vidole vikapoteza mistari yake
na kava likaanza kunionyesha pua yangu.

Ila mkwaruzo.
Mrefu kama kidole cha shahada, umezama,
toka kwenye kizibo cha oili hadi ukingoni.
Nyumbani kila mtu anaujua: daraja la Kiwira,
utelezi, mwaka wa chanjo ya sotoka,
baba chini, sanduku la dawa juu ya kifua chake,
hakuna hata chupa moja iliyopasuka.
Nimekuzwa kwa hadithi hiyo na uji.

Mama akaja na chai, kanga imelowa mabegani.
Akainama. Akapitisha ukucha mle ndani
kama anayepima kina cha maji.
"Kiwira," nikamwambia.
"Kiwira," akaitikia, akacheka kwa pua.
"Wiki ile, Tusekile, josho la Kiwira lilikuwa limefungwa."
Akamimina chai.

Tupa ninayo mkononi. Saa moja tu
na kava lote lingekuwa kioo.
Nikaiweka juu ya mkwaruzo, nikamtazama.
"Uache," akasema.
"Mimi nimeuacha miaka arobaini."

Ikabaki nembo.
Kulia mwa tangi lipo bawa la kiwandani, limekamilika, manyoya tisa.
Kushoto, matundu mawili
na kivuli cha bawa pale jua lisipofika.
Nikachonga umbo kwa mti wa mparachichi,
nikapanda Mwanjelwa kwa Gwakisa,
yule anayeshindilia mchanga kwa kiganja
kama anayelaza mtoto.
"Na cha kuyeyusha?" akauliza. "Leo sina chakavu."
Nikafungua gazeti alilonikabidhi mama asubuhi:
sufuria yake ya arusi, mdomo umepinda,
kitako cheusi kwa maharage ya watu wote tuliokula pale.
Hakunieleza. Sikumwuliza.
Iliyeyuka upesi kuliko maji ya ugali yanavyochemka.

Bawa likatoka zito kidogo, manyoya manane
(la tisa lilikataa kujaa),
na kitundu cha hewa karibu na bega.
Gwakisa akataka kulirudia, bure.
Nikalifunga kwenye kitambaa likiwa bado na joto,
nikalipakata njia nzima hadi nyumbani.

Gasketi nimeikata kwa katoni ya majani ya chai.
Jumapili mvua ikapumua, mlima Rungwe ukaonekana mpaka kiunoni.
Nikaitoa pikipiki uani.
Mama hakuwahi kupakiwa humo hata siku moja;
mali ya serikali, baba alisema, haibebi mke.
Akazunguka kulia, akatazama.
Akazunguka kushoto, akavuta kigoda,
akakaa huko huko, miguu ameinyoosha,
kimya, mpaka chai ikapoa.

Kisha akanyoosha kidole chini ya injini,
kwenye doa jeusi lililokuwa likikua juu ya udongo.
"Inavuja," akasema.